Kumbukumbu Isilale kwa Mtuhumiwa

Katika ofisi za umma tumezoea rejista ya wageni: jina, saa, na shughuli iliyomleta mtu. Kompyuta nayo ina rejista yake. Seva huandika, mstari baada ya mstari, nani ameingia, saa ngapi, kutoka anwani ipi na amegusa nini. Wataalamu wa TEHAMA huiita logi. Wananchi wengi hawajapata kuiona, ilhali siku mfumo unapowadhulumu, mara nyingi ndiyo shahidi pekee aliyekuwapo.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati iliyochunguza malalamiko ya mwanafunzi katika chuo kimoja. Matokeo yalipotangazwa, alama yake ilisomeka B. Wiki chache baadaye ikasomeka D. Karatasi yake ya mtihani ilipatikana kabatini, na haki yake ikarudi. Lakini nani aliyeibadili? Tulipoomba logi za majuma yale, hazikuwapo. Zilikuwa zikihifadhiwa ndani ya seva ileile, na waliokuwa na uwezo wa kubadili alama walikuwa na uwezo wa kuzifuta. Hatukuweza kumtia mtu hatiani. Wala hatukuweza kumsafisha asiye na hatia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dawa yake si ngeni. Zipo programu, Fluent Bit ikiwa mojawapo, ambazo kazi yake ni kusoma logi na kuzipeleka kwingine. Nilikaa kando ya kijana wa TEHAMA akiiandalia faili ya maelekezo. Sehemu ya kwanza hutaja faili ya kusomwa; ya pili huchuja; ya tatu hutaja nakala iende wapi, kwa mfano kwenye huduma ya wingu ya Amazon CloudWatch. Kila mstari mpya husafiri baada ya sekunde chache. Atakayefuta faili baadaye atakuta nakala imekwisha kuondoka.

Hata hivyo, ulinzi huu una sharti. Kibali kinachopewa programu hiyo kiwe cha kuandika tu, si cha kufuta. Na akaunti ya huko kwenye wingu isishikwe na msimamizi yuleyule wa seva, bali, tuseme, na mkaguzi wa ndani. Bila hivyo tumehamisha daftari na kumwachia ufunguo mtu yuleyule.

“Mwalimu, eneo nichague lipi?” kijana aliniuliza. Alikuwa kwenye mstari unaotaja logi zitahifadhiwa wapi duniani: Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, au Ireland, au Virginia. Nilimjibu kuwa hilo si lake wala si langu. Ni la baraza la chuo. Ndani ya logi hizo mna namba za usajili na anwani za wanafunzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Zaidi ya hayo, CloudWatch hutunza logi bila kikomo mpaka mwenye akaunti aweke muda. Asiyeamua, ameamua zikae milele.

Wapo watakaosema kwamba tunamkimbia mwizi wa ndani na kumkabidhi mgeni funguo. Hoja yao ina uzito. Nakala yaweza kwenda kwenye seva nyingine humu humu nchini, na programu ileile itaipeleka. Jambo la msingi ni kutenganisha mikono: anayetenda asiwe ndiye mtunzaji wa ushahidi wa matendo yake. Kanuni hiyo tunaifundisha kila mwaka katika somo la utawala, lakini tunaisahau inapofika kwenye chumba cha seva.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma, unapoambiwa kwamba huduma sasa ni ya kidijitali, uliza maswali manne. Logi zinatunzwa wapi? Kwa muda gani? Nani anaweza kuzisoma? Na nani anaweza kuzifuta? Omba majibu kwa maandishi.