Muhoroni, Ploti ya Mzee Ojwang'

Ukitoka Kisumu, achana na njia ya Ahero. Pitia Mamboleo. Miwa itakuandama toka Miwani hadi Chemelil, milima ya Nandi ikiwa mkono wa kushoto, na kiwanda kikiwa kinasaga, harufu ya molasi itakupokea kabla hujaiona Muhoroni yenyewe. Trekta moja huvuta matela mawili, na watoto huchomoa miwa kwa nyuma bila haraka, kama wanaochuma mboga kwao.

Reli ilipita hapa ikielekea ziwani, ilikofika 1901. Kiwanda cha sukari kikaja miaka ya 1960, na wafanyakazi wakafuata: Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mnandi, wakapanga vyumba ukuta kwa ukuta, bomba moja, kamba moja ya nguo. Mtu akikaanga omena, ploti nzima imejua.

Kwa watu kama hawa, Vitimbi, kichekesho cha runinga ya KBC, haikuwa mchezo wa mbali. Mzee Ojwang' Hatari kufoka, Mama Kayai kumzima kwa jicho moja tu: hayo walikuwa wakiyasikia ukutani kila jioni. Wamexico nao wana El Chavo del Ocho ya Roberto Gómez Bolaños, ya miaka ya 1970, ambamo Don Ramón anadaiwa kodi ya miezi 14 na mwenye nyumba hachoki kubisha. Ihamishie nyuma ya soko la Muhoroni, ubadili majina tu. Mvuto wake ni ule ule: watu wanatukanana usiku, asubuhi wanaombana chumvi, na hakuna anayehama.

Si kwamba hapa watu hawajawahi kuhamishana. Mapigano ya kikabila ya 1991 yalianzia Miteitei, jirani tu, na wazee hawapendi kuyataja. Labda ndiyo maana utani wa makabila hapa una adabu yake; anayeutoa huanza na kabila lake.

Kwenye kibanda cha samaki karibu na stesheni nilisema kwamba Ojwang', aliyefariki Julai 2015, aliitwa Benson Wanjau na alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai naye, Mary Khavere, ni Mluhya. Muuzaji akageuza ngege kwenye mafuta.

"Omera, Mkikuyu gani anafoka vile?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi alipanga kwa Wajaluo," akasema, "na kodi alilipa."