Rimu za mabishoo zaumbuka Mahege

Wiki hii safu yenu imehama vijiwe vya Sinza na Magomeni, imekwenda kula vumbi Kibiti. Najua wengi wenu Kibiti mnaijua kwa dirisha la basi tu, mkiwa safarini kwenda Lindi au Mtwara. Mimi nilishuka.

Njia yenyewe mpaka hapo haina maneno. Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, Bungu, halafu Kibiti, lami mwanzo mwisho. Maneno yanaanza ukiiacha lami kwenda Mahege, ambayo ni kata ya wilaya hiyo hiyo ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Huku ni kwa Wandengereko, nchi ya minazi na mikorosho, na ukizidi kuifuata delta ya Mto Rufiji unaingia kwenye mikoko ambayo pwani nzima ya Afrika Mashariki haina msitu wake mkubwa kama huo. Maji huku hayana utani. Aprili 2024 Rufiji ilifurika ikaingia kwenye mashamba na nyumba za watu. Njia nazo ndio hizo: kiangazi mchanga unaomeza tairi, masika udongo unaong'ang'ania kama ubwabwa uliozidi maji, na mashimo misimu yote.

Basi bwana, usafiri niliopata ni Noah. Nyeupe, safi, na chini imevaa rimu za aloi zinazong'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Rimu zimetokeza nje ya bodi kama masikio. Dereva, kijana wa rika letu, aliniambia amezitoa Dar, za mtumba, na mshiko uliomtoka si wa kitoto. Pale Kibiti stendi kila mtu alikuwa anazisifia.

Tukajaa. Usiniulize tulikuwa wangapi, kuna ndoo, magunia na kuku wawili. Shimo la kwanza tu, kwaaa! La pili, kwaaa! Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, humu ndani kuna mashine ya kusaga?" Watu wakacheka. Dereva akasema, "Hapana mzee wangu, ni tairi inagusa fenda kidogo." Mama aliyekuwa pembeni yangu hakucheka. Alinieleza kwamba wiki iliyopita gari hili lililala siku nne, beringi ya mbele imekufa, na yeye akampeleka mtoto mwenye homa hospitali kwa bodaboda, mvua inawanyeshea. Noah ya alfajiri ikilala, huku hakuna kwenda kituoni kungojea nyingine.

Sasa tuzungumze kitaalamu kidogo, maana huu ugonjwa hata mjini upo, ila lami inauficha.

Mtu akienda kununua rimu anaangalia vitu viwili: inchi ngapi, na nati nne au tano. Akiwa mjanja sana atauliza PCD, yaani kipimo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Hapo hakuna kubahatisha. IST ni 4×100, Allion na Premio ni 5×100, Noah na RAV4 ni 5×114.3. Ikikataa imekataa. Tatizo ni kwamba ikikubali, watu wanadhani kazi imeisha. Kumbe nyuma ya rimu kuna namba nyingine mbili ambazo hazisomwi na mtu: upana na ofseti.

Upana ni rahisi. Ukiona 15×6JJ, maana yake kimo ni inchi 15 na upana ni inchi 6, ukipimwa pale tairi inapokalia, siyo kwenye kingo za nje. Hizo J ni umbo la ukingo, zisikunyime usingizi.

Ofseti ndiyo mchawi. Chukua rimu, ikate kwa mawazo katikati ya upana wake. Halafu tafuta ule uso unaobana kwenye habu. Umbali kati ya mstari wa katikati na uso huo ndiyo ofseti, kwa milimita. Uso ukiwa upande wa nje, kama magari mengi madogo ya Japani, ni chanya, na rimu inaingia ndani ya gari. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Nyingine zimechapwa ET mbele ya namba, ufupisho wa Kijerumani, nyingine zina namba tupu.

Pale Mahege tuliyakuta mambo haya chini ya mwembe, kwa mzee mmoja anayeziba pancha. Rimu za zamani za Noah, zile za chuma, zilikuwa zimetupwa kwake. Nilizigeuza nikasoma: 15×6, 50. Aloi mpya zilikuwa 16×7, 35. Mzee hakuwa na habari na ET wala nini, lakini nilipomuuliza angejuaje rimu isiyochapwa namba, alinishangaza. Aliilaza rimu kifudifudi, uso mzuri chini, akapitisha kijiti kilichonyooka juu ya kingo mbili za nyuma, akaazima futi ya fundi cherehani wa jirani. Kutoka kwenye kijiti kushuka hadi uso wa nati: milimita 139. Upana mzima wa rimu, ukingo kwa ukingo: 178. Nusu yake ni 89. Toa 89 kwenye 139, unapata 50. Namba ile ile iliyochapwa! Washikaji, mtu ana kijiti na futi ya kushonea magauni.

Sasa piga hesabu ya kijana wetu. Rimu imeongezeka inchi 1, yaani milimita 25.4, nusu nje nusu ndani, karibu 12.7 kila upande. Ofseti imeshuka kutoka 50 hadi 35, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje milimita 15. Jumlisha: ukingo wa nje umetoka milimita 27.7. Karibu sentimita tatu kila upande wa gari! Ndani imebaki nafasi zaidi ya milimita 2 kuliko zamani, ndiyo maana alipozungusha gurudumu kwenye jeki halikugusa shokapu wala breki, akajiona mshindi. Lakini gari kwenye jeki halina abiria. Likijaa, bodi inashuka, fenda inakutana na tairi, ndiyo ile kwaaa.

Na angalia hapa, maana wengi wanachanganya. Fenda inasumbuliwa na zile 27.7. Beringi inasumbuliwa na zile 15, kwa sababu uzito unapita katikati ya tairi, na katikati imehamishwa na ofseti, siyo na upana. Ni kama kubeba ndoo: ishike karibu na kifua, halafu ishike mkono umenyooka, ndoo ni ile ile. Usukani nao unaanza kuvutwa huku na huku kila gurudumu moja likizama kwenye mchanga.

Kuna na la tairi. Zamani alifunga 195/65R15, ukuta wake ni kama milimita 127. Sasa kafunga 205/55R16, kimo cha jumla karibu kilekile, lakini ukuta umebaki kama 113. Mjini unaitwa urembo. Kwenye mashimo ya Mahege ni rimu kupinda.

Mabishoo wa mjini mtasema dawa ya kila kitu ni spesa. Spesa inatoa gurudumu nje tu, haijawahi kurudisha ndani hata milimita moja. Ukiona muuzaji anakupa spesa kutibu rimu inayokula fenda, shika njia yako. Tena angalia tundu la katikati: rimu ya Honda Fit ina 56.1, habu ya IST ni 54.1, kwa hiyo inaingia ikiwa imelegea na inahitaji bangili ya kujazia, la sivyo gari linatetemeka. Nati nazo zisichanganywe. Aloi nyingi za Toyota za kiwandani zinatumia nati yenye washa bapa, za chuma zinataka yenye ncha ya koni. Ukikosea zinalegea, na habari ya gurudumu kumpita dereva mwenyewe barabarani si hadithi. Funga, tembea kama kilomita 50, kaza tena.

Kijana alisikiliza yote, akasema, "Sawa, lakini kaka, zile za chuma zitanishusha hadhi." Mzee wa pancha akamjibu bila kuinua kichwa, "Hadhi yako ipo kwenye nauli, mjukuu wangu."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Noah ilinipitia ikiwa na rimu za chuma, zina kutu, moja imepakwa rangi ya nyumba. Tulikuwa wengi kuliko jana. Yule mama alikuwamo, na mtoto wake, wanarudi kliniki. Tulipiga mashimo yote mpaka lami, sikusikia kwaaa hata moja, ila kuku walilalamika. Aloi zinauzwa, ziko kwa mzee chini ya mwembe, 16×7, ofseti 35. Kama gari lako linazitaka namba hizo, nauli ya kwenda kuzichukua ni juu yako.