Mwanga wa Rupia Kumi

Jina la Mangalore limekaa juu ya mapaa ya mwambao huu tangu enzi za mababu. Vigae vyekundu vilivyopigwa muhuri wa bandari hiyo vilivuka bahari kwa majahazi na meli, vikafunika nyumba za watu ambao hawakupata kuuliza mji wenyewe uko wapi. Uko Karnataka, India ya kusini, na jimbo hilohilo limetoa habari nyingine ya mapaa, ambayo watu wa Unguja, waliokaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008 umeme wa kutoka bara ulipokatika, wana sababu ya kuisikiliza.

Harish Hande alizaliwa mwaka 1967, akasomea uhandisi wa nishati Kharagpur, kisha akaenda Massachusetts kwa masomo ya juu. Tasnifu yake ilihusu joto la jua. Alipozuru Jamhuri ya Dominika akakuta watu wa hali ya chini wakinunua taa za jua kwa fedha zao wenyewe, na utafiti wake ukageuka. Alikwenda kuishi vijijini Sri Lanka na India, akitazama watu wanavyotumia usiku wao. Mwaka 1995, pamoja na Mmarekani Neville Williams, akaanzisha kampuni ya SELCO mjini Bangalore.

Mwenyewe husimulia habari ya mchuuzi aliyemwambia kuwa rupia 300 kwa mwezi hazimudu, ila rupia 10 kwa siku anazo. Hesabu ni ileile, na mtoto wa darasa la tatu ataiona. Lakini mchuuzi hapokei mshahara wa mwisho wa mwezi. Huuza asubuhi, hula jioni, na kinachobaki mkononi ndicho alichonacho. Basi kazi kubwa ya Hande haikuwa kuuza paneli. Ilikuwa kukaa mbele ya mameneja wa benki za vijijini, kuwashawishi wakopeshe fedha za taa, na marejesho yafuate mwendo wa kipato cha mkopaji: mkulima alipe baada ya mavuno, mchuuzi alipe kila siku. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupigwa, na pengine ndiyo sababu wengi huiruka.

Halafu likaja pigo kutoka mbali. Mwaka 2000 Bunge la Ujerumani, kwa juhudi za mbunge Hermann Scheer na wenzake, lilipitisha sheria iliyomhakikishia mwenye paneli bei nzuri ya umeme wake kwa miaka 20. Sheria hiyo ilikuwa njema. Ndiyo iliyokuza viwanda hata bei ya paneli ikaja kuporomoka baadaye. Ila katikati ya muongo ule paneli zilikimbilia Ulaya, silikoni ikaadimika, bei ikapanda, na kampuni ya Bangalore ikapata hasara. Mwenye nyumba wa Bavaria alilipwa kwa kuweka paneli. Mshona nguo wa Karnataka akaongezewa deni kwa paneli ileile.

Tangu hapo Hande amekuwa msemaji mkali mbele ya watunga sera. Hapendi ruzuku inayogawa vifaa bila fundi wa kuvitengeneza, kwani betri ikifa, kijiji kizima husema jua limewadanganya. Hataki pia kusikia kwamba maskini hawezi kulipia. Wapo wanaomjibu kwamba asiye na hata hizo rupia 10 huachwa nje, na jibu hilo lina uzito.

Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, SELCO ikiwa imekwishaweka taa katika nyumba zaidi ya laki moja. Miongoni mwa vifaa vyake ni taa ndogo ya kufungwa kichwani. Hutumiwa na wakunga, na pia na wachuma maua, ambao huingia mashambani kabla ya alfajiri na sasa huchuma kwa mikono yote miwili.