Fundo Lisiloonekana

Hapa kwangu Temeke, juu ya kabati, pana kijikopo chenye ndoano ndogo iliyofungwa manyoya. Wajukuu waliniuliza kama ni hirizi. La, si hirizi. Ni mdudu wa bandia wa kuvulia samaki, nami ndiye niliyemfunga, nilipokuwa kijana wa kazi Nairobi mwaka 1986.

Sisi wa pwani twajua chambo cha dagaa na ngisi. Lakini mito baridi ya milima ya Kenya ina samaki aitwaye trauti, ambaye Mwingereza Ewart Grogan alimpandikiza katika Mto Gura mwaka 1905. Chakula chake kikubwa ni vidudu vya majini, basi wavuvi wake humtegea wadudu wa kuiga, na Kenya huwafunga kwa mikono na kuwauza ng'ambo.

Wangu alimwiga kadisi. Kadisi mchanga hukaa chini ya maji, na wengi wao hujijengea nyumba ya mchanga na vijiti, wakaishikiza kwa hariri yao wenyewe. Akikomaa hupanda juu, huvua gamba, akaruka. Trauti humvizia pale pale anapovua gamba, maana hapo hana pa kukimbilia. Mwaka 1981 Mmarekani Gary LaFontaine aliandika kuwa mdudu huyo hung'aa kwa hewa iliyo ndani ya gamba lake, akamwiga kwa nyuzi za kumeta, za namna ya zile za mazulia.

Ndoano hubanwa kwenye jiliwa, ukazungusha nyuzi za mwili, ukaweka bawa la nywele, na mwisho ukapiga fundo kichwani na kulitia vanishi. Fundo hilo halionekani. Mdudu asiye nalo hufanana kabisa na mwenye nalo, mpaka samaki amvute.

Tulilipwa kwa dazani. Idi ilipokaribia, nami nina haja ya nauli, nikafunga dazani nne bila fundo, nikapaka vanishi tu. Zikarudishwa, zimefumuka. Zikahesabiwa kuwa ni za mama mmoja aliyekaa kando yangu, mwenye watoto, naye akakatwa ujira wake. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia, kesho nitasema. Kesho ikawa mwaka, nikarudi Dar es Salaam.

Nilipokwenda kumtafuta nimlipe, nyumba yake ilikuwa na watu wengine. Namwombea dua, lakini najua kuwa haki ya mja humngoja mja mwenyewe.

Juzi mjukuu wangu, anayejifunza cherehani Tandika, alikuwa akimalizia kanzu ya mteja. Nikamwambia afunge nyuzi za ndani. Akacheka: "Babu, ndani nani ataona?"

Nikateremsha kijikopo. Nikamwambia avute manyoya. Uzi ukafumuka, yakabaki vidoleni mwake.

"Huyu," nikamwambia, "ni mmoja wa wale."

Akaigeuza kanzu, akaanza kufunga.