Fulana Nyeusi na Mali ya Umma



Leo sitakueleza makosa ya viongozi wala ya watu wengine. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, lililohusu fulana ishirini na nne nyeusi, wino wa rangi, na fedha ambazo hazikuwa zangu. Ukinifuata hadi mwisho utajua namna ya kuchapa picha ya rangi kwenye fulana ya giza ukiwa nyumbani, kwa kuwa kazi hiyo nitaieleza hatua kwa hatua. Utajua pia kwa nini, tangu siku hizo, siwezi kufundisha kauli ya kutendeka bila kuona haya kidogo.

Nafundisha Kiswahili hapa Kampala. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua ya kukifanya lugha rasmi. Tarehe 7 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Mwaka juzi wanachama wa Chama cha Kiswahili shuleni kwetu waliamua kuiadhimisha siku hiyo wakiwa wamevaa fulana za chama. Walikuwa ishirini na wanne. Kila mmoja alitoa shilingi 20,000, na jumla ikawa 480,000. Walipiga kura kuchagua rangi, na nyeusi ikashinda kwa hoja kwamba haionyeshi uchafu upesi. Wakapiga kura tena kuchagua maneno ya kuandikwa chini ya picha ya ngoma, na yaliyoshinda yalikuwa haya: *Mali ya umma ina wenyewe.*

Fedha zile nilikabidhiwa mimi.

Mpwa wangu huchapa jezi za michezo nyumbani kwake kwa wino wa sablimesheni. Alikuwa safarini, naye aliniachia printa yake na ile mashine ya kukandamiza kwa joto, ambayo ni kama pasi kubwa yenye kitako. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi mara nyingi, nikajiona fundi. Nikaenda mjini, nikanunua fulana ishirini na nne za pamba tupu kwa shilingi 12,000 kila moja, yaani 288,000. Kisha nikaenda Barabara ya Nasser, mtaa wa wachapaji unaojulikana na kila mtu jijini, nikanunua wino na karatasi zake kwa shilingi 120,000. Muuzaji, kijana mpole, aliniuliza, “Mwalimu, fulana zako ni za pamba au za poliesta? Na ni za rangi gani?” Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi gari. Nikamjibu, “Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu, nimekwisha kupanga kila kitu.” Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba kuuliza si ujinga. Sikuwa nimefikiria kwamba kukataa kuulizwa kunaweza kuwa ujinga.

Usiku ule nilichapa picha ya kwanza kwenye karatasi. Rangi zake zilikuwa zimepauka, lakini hilo halikunitisha, kwa kuwa wino huu hung’aa baada ya kupata joto. Nikailaza karatasi juu ya fulana, nikaishusha mashine, nikahesabu sekunde, nikafunua. Fulana ilikuwa nyeusi vile vile. Hapakuwa na ngoma wala maneno. Nilidhani joto halikutosha, nikaliongeza. Nikachukua fulana ya pili, nikaiacha chini ya mashine muda mrefu zaidi, kisha nikairudia ile ya kwanza. Nilichopata ni harufu ya kitambaa kilichoungua na alama ya mraba inayometameta katika kila fulana. Fulana mbili zikawa hazifai tena.

Hebu tutulie hapa tuelewe sababu. Wino wa sablimesheni ukipata joto kali hugeuka kutoka hali ya uyabisi na kuwa mvuke moja kwa moja, bila kuwa majimaji kwanza. Mvuke huo hupenya ndani ya nyuzi za poliesta zilizolegea kwa joto, na nyuzi zinapopoa rangi hubaki imefungiwa humo. Ndiyo maana jezi haibanduki picha yake hata ikifuliwa mara nyingi. Pamba haina tabia hiyo. Rangi huishia juu juu, na maji huiondoa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Wino huu ni angavu, nao una rangi nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Hauna nyeupe. Palipo na weupe katika picha, weupe huo ni wa kitambaa chenyewe, kwa kuwa mashine imepaacha bila kuchapa kitu. Hata njano huonekana njano kwa sababu ya weupe ulio chini yake. Ukichapa njano juu ya nyeusi, nyeusi huimeza. Kwa hiyo hata kama fulana zangu zingekuwa za poliesta, bado nisingeona kitu.

Nililala nikiwa na hofu. Asubuhi chama kilikuwa na mkutano, na mimi nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi mbili. Ya kwanza: *Wino ulikuwa mbovu.* Ya pili: *Fulana mbili zimeharibika.* Sentensi ya kwanza ilikuwa uongo, na ingemvunjia heshima kijana aliyejaribu kunisaidia. Niliikataa nikiwa njiani, ingawa nakiri kwamba haikuwa rahisi. Sentensi ya pili niliiona salama. Haikuwa uongo. Nani angeweza kusema kwamba fulana hazikuharibika?

Mweka hazina wetu alikuwa msichana wa kidato cha pili, mpole wa maneno, mwenye daftari lililopigiwa mistari kwa rula. Niliposema sentensi yangu, aliandika neno moja kisha akasita. Akainua kalamu, akauliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu. Niandike *zimeharibika* au *zimeharibiwa*?”

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha somo hilo. Wewe nawe unalijua: *haribu*, *haribika*, *haribiwa*. Katika *kuharibika*, jambo limetokea, na mtendaji hatajwi wala hatafutwi. Katika *kuharibiwa*, yupo aliyetenda, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Binti yule hakuwa akinitega. Daftari lake lilikuwa na safu ya hasara na safu ya mhusika, naye alitaka kujua ajaze nini katika safu ya pili.

Darasa lilinyamaza. Nikasema, “Andika hivi: Mwalimu ameharibu fulana mbili.” Kisha nikawaeleza yote: swali la muuzaji, jibu langu, na ile fulana ya pili niliyoiunguza kwa ukaidi tu. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni fulana 288,000, wino na karatasi 120,000, salio 72,000. Stakabadhi nikazipitisha mkono kwa mkono. Sikupata fedheha niliyoiogopa. Walizikagua kwa utulivu, kama watu wanaosoma barua yao wenyewe, kisha wakaanza kutafuta njia.

Mmoja alishauri tuchovye fulana kwenye jiki ili zipauke kwanza. Njia hiyo ipo, lakini inafaa kwa kitambaa kilichochanganywa pamba na poliesta: jiki huondoa rangi ya pamba, kisha poliesta iliyobaki huupokea wino. Fulana zetu zilikuwa pamba tupu, hivyo hata zikipauka hazingeushika. (Na ukiijaribu njia hiyo kwako, fanya hivyo mahali penye hewa, vaa glavu, wala usichanganye jiki na siki au dawa nyingine ya usafi, kwa maana huweza kutoa hewa ya sumu.)

Mwingine, mvulana aliyeketi karibu na dirisha, alikuwa akiitazama bendera uwanjani. Bendera ya Uganda, iliyopandishwa siku ya uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, ina mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu. Katikati yupo korongo mwenye taji. “Mwalimu,” akasema, “yule korongo hakuwekwa juu ya nyeusi. Amewekewa duara jeupe kwanza.”

Nimeiona bendera hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kulitafakari duara lile. Hatukuiga bendera, kwa kuwa alama za taifa zina sheria zake na si pambo la kila mtu. Tulichukua wazo la duara jeupe peke yake. Nikarudi kwa yule kijana wa Barabara ya Nasser, nikamwomba radhi, na safari hii nikayajibu maswali yake yote. Alinionyesha vinili nyeupe ya kubandika kwa joto, yenye utando wa poliesta unaoupokea wino huu. Upande mmoja hushikana na pamba, na upande mwingine hupokea rangi. Tuliyohitaji iligharimu shilingi 90,000.

Tulifanya kazi hivi. Tulichora duara kwenye vinili kwa kuzungushia sahani, tukalikata kwa mkasi. Tuliipiga fulana joto kwa sekunde chache ili kuondoa unyevu na mikunjo. Tukalilaza duara kifuani, tukalikandamiza kwa nyuzi joto 160 kwa sekunde 15, tukasubiri lipoe, kisha tukabandua plastiki inayolibeba. Picha tulikuwa tumeigeuza kwenye kompyuta kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu karatasi hulazwa kifudifudi. Usipoigeuza, maneno yatasomeka kinyumenyume. Tuliibana karatasi kwa utepe unaostahimili joto ili isisogee, kwa maana ikisogea kidogo tu picha hupata kivuli. Tukaweka karatasi safi ya kuokea juu yake, na nyingine ndani ya fulana, tukakandamiza kwa nyuzi joto 190 kwa sekunde 60, madirisha yakiwa wazi. Vipimo hivyo ni vya vinili yetu. Wewe fuata maelekezo ya ile utakayoinunua, na ujaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Ngoma tuliiwekea usuli wa njano uliozidi duara kwa sentimita moja pande zote, ili tusihangaike kuoanisha kingo. Wino uliozidi uliangukia kwenye pamba nyeusi, na pamba nyeusi, kama nilivyojifunza kwa gharama, haionyeshi kitu. Tulipofunua karatasi ya kwanza, ngoma ilikuwa inang’aa, na maneno yanasomeka hata kutoka mlangoni.

Ilibaki hesabu. Salio lilikuwa 72,000 na vinili 90,000, kwa hiyo tulipungukiwa na 18,000. Fulana mbili mpya zilihitaji 24,000. Wapo waliosema Mwalimu asamehewe yote, kwa kuwa alikuwa akiwasaidia. Wapo waliosema alipe yote, kwa kuwa angemsikiliza muuzaji wangechagua fulana nyeupe za poliesta, na vinili isingehitajika. Wengine wakajibu kwamba nyeusi waliipigia kura wenyewe, na kwa fulana nyeusi gharama ya vinili ingekuwapo hata kama Mwalimu angeuliza mapema. Walijadiliana hadi kengele ikalia. Uamuzi ulikuwa kwamba fulana mbili nilipe mimi, na upungufu wa vinili wagawane wanachama, shilingi 750 kila mmoja. Nilitaka kulipa zote mbili ili nipumzike. Mweka hazina akaniambia kwamba uamuzi umekwisha kuandikwa. Nikalipa 24,000, nikatia sahihi.

Mwanafunzi wangu, fulana hiyo ninayo hadi leo. Huifua kwa maji ya baridi nikiwa nimeigeuza ndani nje, wala siipigi pasi juu ya picha. Lakini ninapotaka kukumbuka maana ya uwajibikaji, siitazami fulana. Nakumbuka ile kalamu iliyoinuliwa juu ya daftari, ikisubiri jina.

Zoezi la wiki hii ni fupi. Chukua gazeti lolote la Kiswahili, au sikiliza taarifa ya habari, uandike sentensi tatu za aina hii: *Fedha zimetumika. Daraja limebomoka. Mkataba umevunjika.* Kisha uziandike upya ukiongeza mtendaji. Palipo na mtendaji anayejulikana, mtaje. Pasipo na mtendaji, kwa mfano daraja lililosombwa na mafuriko, eleza kwa nini kauli ya kutendeka inafaa. Na ukimaliza hayo, andika sentensi ya nne kuhusu kitu ulichokiharibu wewe mwenyewe.