Malaria Niliyoitunga

Kwa miaka 3 binti yangu aliwaambia wateja wangu kwamba nina malaria. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alianza akiwa na miaka 10, akajua kusema vizuri: anasimama mlangoni, sauti chini, "Shikamoo. Mama kalala, malaria imemrudia." Wateja walimpa pole. Mmoja alirudi na machungwa. Katika siku zote hizo sikuwahi kuwa na malaria.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Ninachokiri leo kimeandikwa kwenye daftari langu la oda. Kuna wiki ambazo kurasa zimefurika: sare za harusi 3 nimezipokea kwa mkupuo, vipimo vimejaa hadi pembezoni, bei nimeshusha bila kuombwa. Wiki hizo nililala kwa saa mbili tu nikaamka sina uchovu, nikakata vitambaa usiku wa manane huku nikipanga kufungua duka la pili Korogwe. Nilizungumza mfululizo mpaka mume wangu akawa ananiambia, "Pumua basi, mke wangu." Kisha zinafuata kurasa tupu. Siku 10, pengine 20. Kitambaa kiko mezani, chaki iko juu yake, nami nimegeukia ukutani, mkasi siuwezi.

Dada yangu aliniambia mapema niende hospitali. Nikamwitikia, sikwenda. Sikuwa na kisingizio cha kutojua. Ila kila nilipotaka kuamua, niliamua kwa kichwa cha siku ile. Nikiwa juu, nilijiona mzima kuliko watu wote; nianze kumtafuta daktari kwa lipi? Nikiwa chini, hata kufika kituo cha daladala kulinishinda. Zile siku chache za katikati, akili imetulia, nilizimalizia kwenye viporo vya nguo za watu, nikijiambia yamekwisha.

Na hofu ilikuwepo. Sisi Tanzania tukitaka kumwambia mtu hana akili tunamtajia Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927. Kauli hiyo nimeitumia mimi mwenyewe, tena nikicheka. Niliamini nikionekana kliniki ya afya ya akili, mtaa mzima utanigeuzia maneno yangu. Mama mkwe alisema ni jini, nikanywa kombe, nikasomewa. Simlaumu, alihangaika kwa mapenzi. Ila mimi nilijificha nyuma yake, kwa sababu jini halikuniletea aibu.

Mwezi mmoja nikiwa juu nilichukua ada ya binti yangu pamoja na advansi ya bibi harusi, nikanunua robota zima la satini kwa ajili ya lile duka la Korogwe. Kisha nikaanguka kitandani. Gauni la yule bibi harusi halikushonwa. Aliolewa na gauni la kuazima, limebanwa kwa pini mgongoni. Pesa yake nimeirudisha kidogokidogo hadi ikaisha. Siku yake ya harusi sina namna ya kuirudisha.

Baada ya hapo nilikwenda hospitali, na huko nikafanya kosa baya zaidi. Nilieleza nusu. Nilieleza kulia, kulala mchana kutwa, kutotaka kula. Daktari akaniuliza wazi kama huwa napata vipindi vya nguvu kupita kawaida, usingizi mchache, matumizi makubwa ya pesa. Nikamjibu hapana. Nilizipenda siku zile; niliogopa atazitibu na zenyewe. Kwa maelezo hayo akanipa dawa ya sonona. Kumbe dawa hiyo ikitumiwa peke yake na mtu mwenye hali kama yangu inaweza kumrusha juu, nami ilinirusha. Siku 6 karibu sikufumba macho.

Safari ya pili nilikwenda na dada yangu, na daftari la oda mkobani. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akinyamaza kwenye zile tupu. Alinipima kwanza damu kuangalia tezi la shingoni, kwa kuwa homoni zake zikizidi au kupungua huvuruga hisia za mtu. Lilikuwa sawa. Ndipo akaitaja baipola. Sasa natumia lithiamu, na napimwa damu kila baada ya muda, maana kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana.

Binti yangu ana miaka 14. Nilimwomba radhi jikoni, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakujibu, aliendelea kukuna. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshuka kidogo, nimejilaza, mteja akabisha hodi. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha kimya, kisha hatua zake zikirudi ndani. Alisimama kando ya kitanda.

"Mama, leo nimwambie una nini?"