Foleni ya nyumbani

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo niongee juu ya foleni. Si ile ya matatu, bali iliyo ndani ya tarakilishi yako.

Prosesa haiwezi kushika kazi zote kwa mpigo, kwa hivyo mfumo endeshi huzipanga kwa zamu. Katika Linux kila kazi ina namba ya upole, kuanzia -20 hadi 19, na amri ya kuiweka inaitwa nice. Yenye namba kubwa ndiyo yenye upole zaidi: huzipisha nyingine. Shida ni kwamba katika baadhi ya foleni, kazi inayozidi kupisha inaweza isifikiwe kabisa. Hali hiyo wataalamu huiita njaa. Vitabu vya somo hili husimulia uvumi kwamba IBM 7094 ya chuo cha MIT ilipozimwa mwaka 1973, ilikutwa kazi iliyowekwa 1967, bado inangoja. Hakuna aliyeikataa. Kila siku palikuwa na nyingine ya haraka.

Nikikumbuka uvumi huo namfikiria dada yangu, kifungua mimba wetu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1998, na chuo cha uuguzi kikamwita. Baba alikuwa kibarua wa mjengo, Mama akishona nguo, na nyuma yake tulikuwa wadogo watatu. Akaambiwa, "Ngoja mwaka ujao." Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, tulidhani zamu yake imefika. Lakini mwaka huo huo mimi nikaingia shule ya upili. Dada akafua nguo za watu, nami nikanunuliwa sare.

Ndoto inayoahirishwa haimwumizi mwenyewe peke yake. Baba alizoea kuzima redio tangazo la vyuo lilipoanza. Mama aliacha kutamka "mwakani", hata akizungumzia mvua. Kitinda mimba wetu, aliyeyaona yote hayo, hakuwahi kusema anataka nini. Kitakachopatikana ni sawa, alisema. Mimi nilisoma kama mwenye deni. Dada hakulalamika. Ila kijijini mgonjwa huletwa kwake kwanza, naye hukumbuka nani anywe dawa gani saa ngapi. Barua ya chuo ingali ndani ya mkebe wa vyeti vya kuzaliwa.

Dawa ya njaa ya foleni inajulikana: kazi inavyozidi kungoja, mfumo huipandisha daraja kidogo kidogo, hadi siku moja hakuna ya kuipita. Nyumbani hufanyika kinyume. Aliyengoja sana huonekana amezoea, na upole wake huchukuliwa kuwa jibu.

Mwaka huu tumebadilisha kanuni. Zamu ya chama ikimfikia yeyote kati yetu, swali la kwanza ni nani amengoja zaidi. Dada alipoulizwa alicheka, kisha akanyamaza kwa muda. Akasema uuguzi ulishampita, lakini angependa kozi ya kuhudumia wazee. Karo ya muhula wa kwanza imelipwa. Laptopu yangu mpya nayo ipange foleni.

Na kwenu, msomaji, nani yuko nyuma kabisa? Ulimwuliza lini mara ya mwisho anachotaka?